ME na KE: Ule Mstari wa Mlango wa Choo Ulitoka Wapi?

Kazini kwako kuna choo kimoja au viwili? Kama unafanya kazi kwenye jengo la ghorofa Mwanza au Dar es Salaam, pengine hujawahi hata kujiuliza. Mlango mmoja umeandikwa ME, mwingine KE, unaingia wako, unanawa, unarudi kazini.

Sasa twende Bisibo, wilayani Biharamulo, mkoa wa Kagera, au tusogee hadi wilaya jirani ya Ngara. Huku, kama ilivyo sehemu nyingi za vijijini nchini, duka la pembejeo, mashine ya kusaga, mgahawa au ofisi ndogo huwa na choo kimoja tu nyuma ya jengo. Anayehudumia wateja anakitumia, bosi anakitumia, mteja akizidiwa naye anakitumia. Mwanaume na mwanamke, shimo ni hilohilo.

Ukiwauliza watu wawili kuhusu hali hii, utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia: "Hiyo haifai, mila zetu zimetenganisha tangu zamani." Wa pili atakujibu: "Kutenganisha vyoo ni mambo ya Wazungu, mbona nyumbani tunachangia?" Historia inampa kila mmoja nusu ya haki. Ukiifuatilia utaona kwamba choo cha kazini hapa kwetu kina wazazi wawili, na kila mzazi amekiachia kasoro yake.

Mzazi wa kwanza: kiwanda

Kwa muda mrefu, sehemu kubwa ya watu duniani walifanya kazi nyumbani au shambani. Choo cha kazini kilikuwa choo cha nyumbani, au kichaka. Hapakuwa na haja ya kuandika chochote mlangoni.

Viwanda vilibadilisha mambo. Katika karne ya 19, Uingereza na Marekani, maelfu ya wanawake waliingia kwenye viwanda vya nguo wakafanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni pamoja na wanaume wasiowajua. Vyoo vilivyokuwepo vilikuwa vichache na vichafu. Mwaka 1887 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilipitisha sheria iliyodai viwanda na karakana ziwe na vyoo tofauti kwa wanaume na wanawake. Majimbo mengine yakafuata, na kufikia mwaka 1920 zaidi ya majimbo 40 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Uingereza nayo iliteua wakaguzi wanawake wa kwanza wa viwanda mwaka 1893, na sheria yake ya viwanda ya mwaka 1901 ikadai vyoo tofauti pale ambapo jinsia zote mbili zinafanya kazi.

Kwa nini walifanya hivyo? Hapa wanahistoria wanavutana. Kuna wanaosema sheria zile zilitokana na fikra za wakati ule kwamba mwanamke ni dhaifu, mahali pake hasa ni nyumbani, na akithubutu kutoka basi ajengewe kajumba kake kidogo huko kazini. Wengine wanasema wanawake wenyewe walikuwa wanasumbuliwa na kuaibishwa, kwa hiyo mlango wao peke yao ulikuwa ushindi. Mimi naona hoja zote mbili zinasimama. Sheria inaweza kutungwa kwa sababu isiyo nzuri sana na bado ikamsaidia mtu.

Kuna jambo moja ambalo ni rahisi kulipita: kabla sheria haijadai choo cha wanawake, ilibidi kwanza ikubali kwamba mwanamke ni mfanyakazi. Choo cha KE kilikuwa pia namna ya kusema, "huyu naye yupo hapa."

Sheria inapanda meli

Sheria hiyo ilifikaje kwetu? Ilikuja na mkoloni. Uingereza ilitunga sheria mpya ya viwanda mwaka 1937, na makoloni yake ya Afrika Mashariki yakaifuata kwa karibu: Tanganyika ilipata sheria yake ya viwanda mwaka 1950, na Kenya nayo karibu wakati huohuo. Baada ya Uhuru sheria ile haikufutwa. Tanzania Bara iliendelea nayo mpaka ilipopitishwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inasimamiwa na OSHA.

Isome ile ya 1937 kwa makini, utakuta kitu cha kuchekesha kidogo. Inadai vyoo tofauti kwa kila jinsia, lakini inaacha mlango wazi: haihusu kiwanda ambacho wafanyakazi wote ni wa familia moja na wanaishi humohumo. Yaani hata mtunga sheria wa London alijua kwamba mstari wa ME na KE hautoki kwenye maumbile moja kwa moja. Unaanza pale watu wasio ndugu wanapokusanywa chini ya paa moja.

Shida ni kwamba huku kwetu sheria ya viwanda ilikutana na uchumi usio na viwanda vingi. Watu wa Ngara na maeneo ya jirani waliotafuta ajira ya mshahara wakati wa ukoloni waliondoka kwenda mbali. Wapo waliokwenda Uganda kwenye mashamba ya kahawa na pamba, na wapo waliokwenda kwenye mkonge. Mkonge peke yake ulikuwa umeajiri zaidi ya watu laki moja nchini, na idadi kubwa sana walikuwa wanaume. Machoni mwa mwajiri wa kikoloni, "kibarua" alikuwa mwanaume aliyemwacha mkewe kijijini. Choo cha kambi kikajengwa kwa ajili ya huyo. Kwenye majengo ya serikali na ya reli, mstari uliotiliwa mkazo mara nyingi ulikuwa wa rangi: huku Mzungu, kule Mhindi, kule Mwafrika. Kwenye zile kambi, mwanamke hakutengwa chooni. Hakuwekwa kwenye hesabu tangu mwanzo.

Hiyo ndiyo kasoro ya mzazi wa kwanza. Alikuja na kanuni nzuri iliyoandikwa kwa ajili ya mahali pengine, na wengi wetu hatukuwa ndani ya ukuta ambao kanuni hiyo ililinda.

Mzazi wa pili: nyumba

Choo cha kule Bisibo hakikutoka kwenye kiwanda. Kilitoka kwenye nyumba, na nyumba nayo ina historia yake.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio iitwayo Mtu ni Afya. Kama una babu au bibi, muulize. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza vipindi, wakajadili malaria, maji na kinyesi, halafu wakainuka wakaenda kuchimba. Vyoo kwa mamia ya maelfu vilijengwa au kukarabatiwa nchi nzima. Muda mfupi baadaye Operesheni Vijiji ikawakusanya watu kuishi karibu karibu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kikaenea. Choo kikawa jambo la kufa na kupona.

Ujumbe ulikuwa rahisi: kila kaya na choo chake. Kampeni za miaka ya karibuni zimeendelea na wimbo huohuo. Ile ya "Usichukulie poa, nyumba ni choo" inasema yote ndani ya jina lake.

Choo cha kaya hakina ME wala KE, hilo kweli. Lakini usidhani hakina mistari. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja, na wapo wanaokwepa hata kuonana njiani kuelekea huko. Wengine wana choo cha wageni au cha watoto. Unapofika unapiga hodi au unakohoa, aliye ndani anakohoa pia. Ukiona kopo la maji halipo mahali pake, unajua kuna mtu. Hizi ni kanuni, tena kali, ila hazijaandikwa kokote. Zinasimama kwa sababu watu wanafahamiana, wanaheshimiana, na aliyekosea anasemwa na ukoo mzima.

Kwa maoni yangu, hivi ndivyo choo cha kazini kilivyozaliwa vijijini: mtu amefungua duka, amechimba choo kama alichozoea kuchimba nyumbani. Shimo likahama, adabu za ukoo hazikuhama nalo. Binti aliyeajiriwa kuhudumu hana shangazi pale wa kumkemea bosi anayebisha mlango bila subira. Mzazi wa pili naye ametuachia kasoro: choo cha kuchangia ambacho ulinzi wake ulikuwa undugu, sasa kipo mahali pasipo na undugu.

Somo kutoka Ngara, 1994

Wilaya ya Ngara ililiona jambo hili kwa ukubwa wa kutisha. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Wengi walifikia Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Kwa siku chache tu pori likawa mji.

Hebu fikiria: robo milioni ya watu, wengi hawajuani, hakuna shimo hata moja lililochimbwa. Katika hali kama hiyo kinachochimbwa haraka ni vyoo vya pamoja. Na miezi michache baadaye, Julai, wimbi jingine liliingia Goma, Kongo, kwenye ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika. Kipindupindu na kuhara damu vikaua makumi ya maelfu.

Msiba ule ulibadilisha kanuni za dunia. Tathmini ya kimataifa ya msaada wa Rwanda iliyotoka mwaka 1996 ndiyo iliyochochea mradi wa Sphere, ambao uliandika viwango vya chini vya huduma kwa watu waliokumbwa na maafa. Kuhusu vyoo, viwango vinasema hivi: tundu moja lisizidi watu 20, ikiwezekana kila familia iwe na chake, isipowezekana, wanaume na wanawake watenganishwe. Mwaka 1995 UNHCR nayo ilitoa mwongozo kuhusu ukatili wa kingono dhidi ya wakimbizi, na mahali vyoo vinapowekwa pamoja na mwanga vikawa sehemu ya mjadala huo.

Umeona mpangilio wake? Familia kwanza, kutenganisha baadaye. Ni ile hoja ya 1937 imerudi kwa mlango mwingine. Kinachouliza swali ni hiki: je, watu hawa wanafahamiana na kuaminiana?

Basi tufanye nini na shimo moja?

Kuna nchi zilizojibu kwa njia ya fundi seremala. Kanuni za kazi za Uingereza za mwaka 1992 zinadai vyumba tofauti vya ME na KE, isipokuwa pale ambapo kila choo ni chumba kamili chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Ukiwa na ukuta hadi juu na komeo, jinsia ya aliyetangulia haikuhusu. Mjadala wenyewe haujaisha: tangu Oktoba 2024, majengo mapya yasiyo ya makazi huko England yanatakiwa kwa kawaida kuwa na vyoo vya jinsia tofauti, na vile vya vyumba kamili vikaongezwa kama nafasi inaruhusu.

Kwetu, mjadala wa alama ya mlangoni unaweza kutupotosha. Shule za Tanzania zina kiwango kinachojulikana: tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Ni hatua nzuri, maana imekubali kwamba mahitaji hayalingani. Lakini msichana huyo akimaliza shule akaajiriwa kwenye mgahawa wa njia kuu ya Rusumo, anaweza kukuta choo kimoja, mlango wa gunia, hakuna maji, hakuna pa kutupa pedi. Hapo atafanya wanachofanya wanawake wengi: hanywi maji asubuhi, anajizuia hadi jioni. Kujizuia hivyo kila siku kunaongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Siku za hedhi, huenda asije kazini kabisa, na siku asiyokuja kwa kawaida hailipwi.

Ukimpa huyo dada kibao cha KE kwenye mlango wa gunia, hujamsaidia. Ukimpa choo kimoja cha kuchangia chenye mlango wa mbao, komeo la ndani, ndoo ya maji, chombo chenye mfuniko na taa, umemsaidia sana. Ukiweza kumpa vyote viwili, choo chake na komeo lake, bora zaidi, na ndiko sheria inakotaka twende. Ila mwenye duka dogo asiye na uwezo wa kuchimba shimo la pili asijifiche nyuma ya hilo. Komeo ni kitu kidogo, linauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Kwa hiyo wale wawili wa mwanzo, mmoja mwenye mila na mwingine mwenye "mambo ya Wazungu", wote wanaweza kukaa. Kutenganisha kuna historia fupi, na kuchangia nako kulikuwa na masharti yake. Ukienda kazini kesho, acha kusoma maandishi ya nje ya mlango. Ingia, funga, halafu uangalie kama umefungika.