Hospitali Teule na Nafasi ya Jamii: Historia ya Hospitali Zisizolenga Faida Tanzania Bara, 1890–2018

1.0 Utangulizi

Katika wilaya kadhaa za Tanzania Bara, mwananchi aliyeugua sana katika miongo iliyofuata Uhuru alipelekwa kwenye hospitali iliyokuwa mali ya kanisa, akauguzwa na mtumishi aliyelipwa kwa ruzuku ya Serikali, na akala chakula kilichopikwa na ndugu zake nje ya wodi. Mmiliki, dola na jamii ndio wahusika watatu walioiwezesha hospitali isiyolenga faida kusimama. Hata hivyo, historia ya hospitali hizo imeandikwa zaidi kama habari ya wahusika wawili wa mwanzo: kanisa lililojenga na Serikali iliyotoa ruzuku au kutwaa. Makala haya yanamchunguza mhusika wa tatu. Hoja yake kuu ni kwamba jamii ilibeba sehemu ya gharama na kuathiri sura ya huduma katika kila kipindi, lakini mapatano yaliyoandikwa yalifungwa bila sahihi yake. Matokeo ya hali hiyo yalidhihirika kila lilipoibuka swali la nani alipe.

2.0 Sadaka na Uchaguzi wa Wagonjwa, 1890–1945

Huduma ya hospitali isiyolenga faida haikuanzia kwa wamisionari peke yao. Katika miaka ya 1890, Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, alitoa fedha za kujenga hospitali mjini Dar es Salaam kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Wazungu walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo, ambako jina lake bado limo katika mojawapo ya majengo ya wodi. Mfano huu unaonesha mambo mawili: kwamba sadaka ya mtu binafsi iliziba pengo lililoachwa na dola ya kikoloni, na kwamba sadaka hiyo iliingia katika mfumo uliowagawa wagonjwa kwa rangi zao.

Vijijini, pengo hilo lilizibwa zaidi na misheni. Kusini-mashariki, Wabenediktini walianzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906, mara baada ya vituo vyao vya awali kuharibiwa katika Vita vya Maji Maji, na baadaye Ndanda ikawa na hospitali kubwa. Jirani yao, katika Dayosisi ya Masasi, Waanglikana wa UMCA waliendesha zahanati na hospitali zao. Wamisionari walitarajia kwamba tiba ingefungua njia ya imani. Wenyeji walikuwa na hesabu nyingine. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyechunguza tiba ya misheni katika eneo hilo, ameonesha kwamba uhusiano huo ulijaa utata, kwa kuwa watu hawakuipokea tiba hiyo kama kifurushi kimoja. Sindano za buba, ambazo matokeo yake yalionekana mwilini kwa muda mfupi, zilipendwa sana Tanganyika nzima baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa maradhi mengine watu waliendelea kwenda kwa waganga wao. Kwa hiyo, tangu mwanzo mgonjwa alikuwa mchaguzi: alipima, akachukua kilichomfaa, na kwa kufanya hivyo aliielekeza hospitali kwenye huduma ambazo jamii ilizihitaji.

3.0 Hospitali kama Shule, 1935–1977

Mchango wa jamii haukuishia kwenye uchaguzi wa tiba. Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935, alijenga hospitali ya Lulindi kwa zana na vifaa vya mahali hapo, na akawafunza vijana wa eneo hilo kazi ya uuguzi. Baadaye alijiunga na Kanisa Katoliki na kuhamia Mnero, ambako aliendelea na kazi hiyohiyo. Hospitali ya namna hii isingeweza kuendeshwa na daktari mmoja. Iliendeshwa na wauguzi waliozaliwa katika vijiji vilivyoizunguka, waliojua lugha ya mgonjwa, ukoo wake na sababu iliyomfanya achelewe kuja. Kwa njia hiyo hospitali ikawa shule na ajira, na jamii ikawa ndani ya hospitali kama watumishi, huku umiliki ukibaki mbali, kwa askofu na kwa wafadhili wa ng'ambo.

Maisha ya Stirling yanaonesha pia jinsi huduma hiyo ilivyovutwa kuelekea dola. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, na kuanzia 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Katika kipindi chake ndipo ilipotungwa sheria ya mwaka 1977 ya kudhibiti hospitali binafsi. Sheria hiyo ilizuia tiba ya kibiashara, lakini iliacha mlango wazi kwa mashirika yasiyolenga faida yaliyoidhinishwa. Tofauti kati ya faida na huduma, ambayo hapo awali ilikuwa suala la dhamiri ya mmiliki, sasa ikawa suala la sheria.

4.0 Kuteuliwa: Kutoka Hisani hadi Haki

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliahidi tiba bila malipo, ilhali baadhi ya wilaya hazikuwa na hospitali ya Serikali. Jawabu lilikuwa kuiteua hospitali ya kanisa iwe hospitali ya wilaya. Serikali ingetoa ruzuku ya mishahara na ya vitanda, mmiliki angebaki na majengo na uongozi, na wananchi wangetibiwa bila kulipa. Mjini Muheza, jina la kisera liligeuka kuwa jina la mahali, na hospitali ya Dayosisi ya Kianglikana ya Tanga ikajulikana kwa kifupi kama Teule.

Uteuzi ulibadilisha hadhi ya mgonjwa. Aliyekuwa mpokeaji wa hisani akawa raia anayedai haki, hata kama jengo, kanisa na kitanda vilikuwa vilevile. Njia hii ilitofautiana na utwaaji uliofanyika Mwanza, ambako hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilichukuliwa na Serikali mwaka uliofuata na kurejeshwa kwa maaskofu Wakatoliki mwaka 1985. Uteuzi ulikuwa njia ya kati. Lakini ulikuwa mapatano ya pande mbili: ruzuku ilipochelewa au kupungua, Serikali na kanisa viliweza kuandikiana barua, ilhali aliyekosa dawa dirishani hakuwa na pa kuandikia.

5.0 Swali la Malipo Baada ya 1992

Mwaka 1992 Serikali na makanisa yalitia sahihi Hati ya Makubaliano kuhusu huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC) ikaundwa. Jumuiya kadhaa za Kiislamu ziliipinga Hati hiyo, zikisema kwamba fedha za umma zilielekezwa kwa upande mmoja wa dini. Pingamizi hilo halipaswi kusomwa kama ugomvi wa kidini pekee. Liligusa kiini cha suala: wagonjwa wa hospitali hizi walikuwa wa dini zote, na kodi iliyozitunza ilikuwa ya wote.

Mwaka uliofuata Serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu. Misamaha iliwekwa kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wasiojiweza. Kwa hospitali isiyolenga faida, kila msamaha ambao haukufidiwa ulikuwa deni: ama ipunguze dawa, ama imtoze mwingine zaidi. Ndipo jamii ilipoanza kuhesabiwa rasmi kama mlipaji, na baadaye ikapewa viti katika bodi za afya za halmashauri. Wajibu wa kulipa uliitangulia nafasi ya kuamua.

6.0 Hitimisho

Katika mwaka wa fedha wa 2018/19 Serikali ilianza kujenga hospitali mpya 67 za halmashauri. Pale zinaposimama karibu na hospitali teule, mantiki ya zamani ya uteuzi inadhoofika, kwa kuwa pengo lililoizaa linaelekea kuzibwa. Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba hospitali isiyolenga faida ilidumu kwa kuegemea nguzo tatu, na kwamba nguzo ya tatu ilitoa wauguzi, chakula, kodi na ada bila kuwa mshirika wa mkataba. Mapatano yoyote mapya yatakayoamua hatima ya hospitali hizi yatapimwa kwa kigezo hicho: kama wanaozitumia watakuwa na sauti kabla ya kupelekewa ankara.