Foleni na Maili: Huduma za Afya za Umma na za Binafsi kwa Wanajeshi wa Zamani wa Marekani, 2014–2019

Huduma za afya kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani si bima tu, kwani serikali yenyewe inamiliki hospitali na kuajiri madaktari. Hospitali hizo ziliwekwa chini ya taasisi moja mwaka 1930, na kuanzia 1946 zilishirikiana na vyuo vya udaktari.

Imani kwa mfumo huo ilitikisika mwaka 2014, ilipobainika kwamba katika hospitali ya Phoenix, Arizona, muda halisi wa wagonjwa kusubiri ulifichwa. Waziri Eric Shinseki alijiuzulu mwezi Mei. Mwezi Agosti, Rais Barack Obama alitia saini sheria iliyotenga dola bilioni 10 za kuwalipa watoa huduma binafsi. Aliyestahili ni mgonjwa aliyelazimika kusubiri zaidi ya siku 30, au aliyeishi zaidi ya maili 40 kutoka kituo cha umma.

Mwanzoni maili hizo zilipimwa kwa mstari ulionyooka. Mwaka 2015 ukatumika umbali wa barabara. Hata hivyo, kituo cha karibu kilihesabiwa hata kama hakikutoa huduma iliyohitajika. Mgonjwa wa moyo aliyeishi jirani na zahanati ndogo alichukuliwa kuwa amekwisha kufikiwa. Sheria ya 2018 ilibadili vigezo: kuanzia Juni 2019, huduma za kibingwa zilipimwa kwa dakika 60 za safari ya gari au siku 28 za kusubiri.

Sheria ya 2014 ilipima foleni ya umma, lakini haikumtaka mgonjwa aoneshwe kwanza urefu wa foleni ya binafsi alikopelekwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la *JAMA Network Open*, uliohusu miji mikubwa 15, ulionesha kwamba kufikia 2017 wastani wa kusubiri ulikuwa siku 17.7 katika vituo vya umma na siku 29.8 kwa watoa huduma binafsi. Sekta binafsi ilitangulia katika tiba ya mifupa pekee.

Matokeo ya mijini hayatoshi kumwamulia mkazi wa vijijini, ambaye daktari binafsi wa jirani huweza kuwa ndiye tegemeo lake. Hata hivyo, yanathibitisha kwamba ruhusa ya kutibiwa kwingine si sawa na kutibiwa mapema. Ulinganisho wa haki hauna budi kuzipima foleni zote mbili kwa kipimo kimoja.