Wito wa usalama wa magari ya Toyota RAV4

Wito wa usalama wa magari ya Toyota RAV4 ni matangazo ambayo kampuni ya Toyota ya Japani imeyatoa kwa nyakati mbalimbali, ikiwataka wenye magari ya aina ya RAV4 wayapeleke kwa wakala ili kasoro fulani irekebishwe bila malipo. Kasoro hizo zimehusu mifuko ya hewa, mikanda ya viti, suspensheni, swichi za vioo na betri.

Nchini Tanzania, hasa katika jiji la Dar es Salaam, RAV4 ni gari la familia linaloonekana kila siku katika wilaya za Kinondoni, Ubungo, Ilala, Temeke na Kigamboni. Sehemu kubwa ya magari hayo iliingizwa nchini ikiwa imeshatumika Japani. Kwa sababu hiyo tangazo la wito mara nyingi hutumwa kwa mmiliki wa kwanza aliyeko Japani, wala halimfikii anayeliendesha gari leo.

## Maana ya wito

Wito hutolewa pale inapogundulika kwamba kundi la magari lina kasoro iliyotokana na usanifu au utengenezaji, na kasoro hiyo inaweza kuleta ajali, majeraha au moto. Mtengenezaji huitangaza kasoro, hutaja magari yanayohusika kwa namba za chasisi, na hugharimia marekebisho.

Nchini Marekani shughuli hii husimamiwa na mamlaka ya usalama barabarani iitwayo NHTSA, chini ya sheria ya mwaka 1966. Nchini Japani husimamiwa na Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii.

Wito ni tofauti na waranti. Waranti ina kikomo cha muda au kilomita, na huhusu pia matatizo yasiyo ya hatari. Wito hufuata gari lenyewe, hata likiwa limeuzwa mara kadhaa.

## Vizazi vya RAV4

RAV4 ilianza kuuzwa mwaka 1994. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2000, cha tatu mwaka 2005, cha nne mwishoni mwa mwaka 2012 na cha tano mwaka 2018.

Magari yaliyouzwa Japani hutambulika kwa msimbo ulio mwanzoni mwa namba ya chasisi. Kizazi cha pili kina misimbo kama ZCA26, ACA20 na ACA21, na kizazi cha tatu kina ACA31 na ACA36. Toyota Vanguard, ambayo pia ni maarufu Tanzania, imejengwa juu ya RAV4 ya kizazi cha tatu na ina misimbo ACA33, ACA38 na GSA33.

## Wito mkuu

### Mifuko ya hewa ya Takata

Takata ilikuwa kampuni ya Japani iliyotengeneza mikanda na mifuko ya hewa kwa ajili ya kampuni nyingi za magari. Ili mfuko ujae kwa sehemu ndogo ya sekunde, Takata ilitumia kemikali ya nitrati ya amonia ndani ya kikopo cha chuma. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika na kuanza kuwaka kwa kasi kupita kiasi. Ajali ikitokea, kikopo hupasuka na vipande vya chuma hurushwa kuelekea usoni na shingoni mwa dereva au abiria. Ajali ndogo, ambayo watu wangetoka salama, inaweza kugeuka kifo.

Wito wa kwanza ulitolewa na Honda mwaka 2008. Mwezi Aprili 2013 Toyota, Honda, Nissan na Mazda ziliita kwa pamoja magari zaidi ya milioni 3. Mwezi Mei 2015 Toyota peke yake iliita karibu magari milioni 5 duniani. Nchini Marekani RAV4 za modeli za miaka 2004 na 2005 zimo katika orodha ya magari yaliyoitwa. Magari mengine ya Toyota yaliyohusika ni pamoja na Corolla na Yaris, ambayo Japani huitwa Vitz.

Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mbele ya mahakama ya Marekani, ikakubali kulipa dola bilioni 1, kisha ikafilisika. Mwaka 2018 sehemu kubwa ya shughuli zake ilinunuliwa na kampuni iliyopewa jina la Joyson Safety Systems. Nchini Marekani pekee vifaa takriban milioni 67 viliitwa, na watu zaidi ya 25 wamethibitishwa kufariki kutokana na kasoro hiyo.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari ni kubwa zaidi katika maeneo yenye joto na unyevu, kama jimbo la Florida. Pwani ya Afrika Mashariki ina hali ya hewa ya namna hiyo karibu mwaka mzima.

### Kanyagio la mafuta

Mwezi Januari 2010 Toyota iliita magari takriban milioni 2.3 nchini Marekani, zikiwemo RAV4 za modeli za 2009 na 2010, kwa sababu kanyagio la mafuta liliweza kukwama au kurudi taratibu. Kanyagio lenye kasoro lilitoka kwa kampuni moja iliyouzia viwanda vya Amerika ya Kaskazini na Ulaya. RAV4 zilizotengenezwa Japani zilikuwa na kanyagio la kampuni nyingine, hivyo hazikuhusika.

### Suspensheni ya nyuma

Mwezi Agosti 2012 Toyota iliita nchini Marekani magari zaidi ya 700,000, mengi yakiwa RAV4 za modeli za 2006 hadi 2011. Ilionekana kwamba nati za mkono wa suspensheni ya nyuma zisipokazwa sawasawa baada ya kufanya alaimenti, mkono huo hulegea, hupata kutu kwenye nyuzi zake na mwisho huweza kukatika. Gari likiwa katika mwendo, dereva anaweza kushindwa kulimudu.

### Swichi ya vioo vya umeme

Mwezi Oktoba 2012 Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani ya aina mbalimbali, zikiwemo RAV4. Swichi kuu ya vioo iliyo kwenye mlango wa dereva haikupakwa grisi sawasawa kiwandani. Ikianza kukwama na mtu akaipulizia mafuta au dawa isiyofaa, plastiki huweza kuyeyuka, kutoa moshi na hata kushika moto. Mwaka 2015 ulitolewa wito mwingine unaohusu swichi hiyo kwa magari takriban milioni 6.5.

### Mikanda ya kiti cha nyuma

Mwezi Februari 2016 Toyota iliita magari takriban milioni 2.87 duniani: RAV4 zilizotengenezwa kuanzia Julai 2005 hadi Agosti 2014, pamoja na Vanguard zilizouzwa Japani. Katika ajali kubwa ya mbele, mkanda wa abiria wa kiti cha nyuma uliweza kugusa fremu ya chuma ya kiti na kukatwa nayo. Marekebisho yalikuwa madogo: kufunika chuma hicho kwa kifuniko cha plastiki ngumu. Kwa gari la familia kasoro hii ni nzito, kwa kuwa kiti cha nyuma ndicho hukaliwa na watoto.

### Betri

Mwezi Novemba 2023 Toyota iliita nchini Marekani RAV4 takriban milioni 1.85 za modeli za 2013 hadi 2018. Betri za volti 12 za kununua dukani hazilingani zote kwa vipimo vya juu. Ikifungwa betri ndogo na kishikio kisipokazwa vizuri, betri huweza kusogea gari linapokata kona kali, ncha yake chanya ikagusa chuma cha kishikio na moto ukatokea.

## Malalamiko ya wamiliki

Si kila lalamiko huleta wito. Baadhi ya kasoro hugharimu fedha nyingi lakini hazihesabiwi kuwa za usalama.

* Giaboksi ya kizazi cha pili. Wenye RAV4 za miaka 2001 hadi 2003 nchini Marekani walilalamikia gari kushtuka linapobadili gia. Chanzo kilikuwa kompyuta ya injini, lakini wengi walibadilisha giaboksi nzima bila kujua. Toyota iliongeza muda wa waranti kwa tatizo hilo.
* Ulaji wa oili. Injini ya 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyo katika RAV4 nyingi za kizazi cha tatu, ililalamikiwa kwa kupunguza oili kati ya huduma moja na nyingine. Chanzo kilikuwa pistoni na ringi zake. Nchini Marekani Toyota iliongeza waranti kwa RAV4 za 2006 hadi 2008. Dereva asiyepima oili mara kwa mara anaweza kuua injini.
* Kebo ya umeme ya RAV4 haibridi. Katika kizazi cha tano, wamiliki wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walilalamikia kutu kwenye kebo ya umeme mkubwa inayokwenda kwenye mota ya nyuma, iliyosababishwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hapa pia Toyota iliongeza waranti.

## Hali nchini Tanzania

Wakala rasmi wa Toyota nchini ni Toyota Tanzania, kampuni iliyo chini ya kundi la Karimjee. Kumbukumbu za wakala wa nchi huhusu kwanza magari aliyoyauza mwenyewe yakiwa mapya. Gari lililonunuliwa mnadani Japani, likapitia bandari ya Dar es Salaam na kuuzwa katika yadi, liko nje ya kumbukumbu hizo.

Nchini Japani gari binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila baada ya miaka 2. Tangu Mei 2018 gari lenye mfuko wa Takata wa hatari ambao haujabadilishwa halipitishwi katika ukaguzi huo. Hata hivyo, Wajapani wengi huuza gari muda wa ukaguzi unapokaribia ili kukwepa gharama, na magari mengi ya Tanzania yaliingia kabla ya mwaka huo.

Ubora wa magari yaliyotumika husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa kutumia kiwango cha TZS 698. Ukaguzi huangalia kama gari linafaa kutembea barabarani: breki, taa, matairi, usukani, moshi na mengineyo. Kemikali iliyo ndani ya mfuko wa hewa haionekani kwa ukaguzi wa namna hiyo. Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji.

Umri wa magari huongeza tatizo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku magari ya zaidi ya miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikuweka ukomo huo, bali hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililopita miaka 8. Hivyo RAV4 za kizazi cha pili na cha tatu bado ni nyingi barabarani.

Matengenezo mengi hufanyika katika gereji za mitaani, na spea zilizotumika hununuliwa Kariakoo, Ilala na kwingineko. Usukani wenye mfuko wa hewa uliotolewa kwenye gari bovu unaweza kurudisha kasoro ya Takata katika gari ambalo lilikuwa limesharekebishwa. Taa ya mfuko wa hewa ikiwaka, mafundi wengine huiondoa balbu au kuidanganya kompyuta badala ya kutafuta chanzo.

## Kutambua gari lililoitwa

Namba ya chasisi huandikwa kwenye kadi ya gari na kwenye kibao kilicho ndani ya chumba cha injini. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu na herufi 17, kwa hiyo tovuti za Marekani na Ulaya huyakataa. Tovuti ya Toyota ya Japani hukubali msimbo wa chasisi na namba yake, kisha huonyesha kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Maelezo yake ni ya Kijapani. Mmiliki anaweza pia kumuuliza wakala wa Toyota kwa namba hiyohiyo.

Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi inatakiwa kuwaka swichi inapofunguliwa na kuzima baada ya sekunde takriban 6. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa. Hata ikifanya kazi vizuri, taa hiyo hupima nyaya na umeme tu. Haiwezi kugundua kemikali iliyoharibika. Mfuko wa hewa haufunguliwi wala kupimwa kwa waya katika gereji ya kawaida, kwa kuwa unaweza kulipuka.

## Mfano wa nchi nyingine

New Zealand, kama Tanzania, huendesha upande wa kushoto na huingiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani. Mwezi Aprili 2018 serikali yake ilitangaza wito wa lazima kwa mifuko ya Takata ya aina ya hatari zaidi, ukihusu pia magari yaliyoingizwa yakiwa yametumika. Australia ilikuwa imetoa amri kama hiyo mwezi Februari mwaka huohuo. Katika nchi hizo mbili jukumu la kulitafuta gari liliwekwa kwa muuzaji na mtengenezaji, badala ya kuachiwa mmiliki peke yake.

## Tazama pia

* Toyota
* Usalama barabarani
* Shirika la Viwango Tanzania
* Mkoa wa Dar es Salaam