Watu wa Majangwa na Gitaa la Mkebe

Mtu apitaye Gachoka wakati wa kiangazi, akishika njia itokayo Embu kwenda Kiritiri, huona kulia na kushoto ardhi kavu, migunga iliyopukutika majani, na mbuzi watafutao riziki mahali ambapo jicho la mgeni halioni kitu. Na aghalabu mgeni huyo huondoka na hukumu nyepesi, kwamba nchi kame ni nchi bubu. Sisi tuliowachunga mbuzi hao twajua vingine. Katika utoto wetu kila kundi la wachungaji lilikuwa na fundi wake, aliyetwaa mkebe wa mafuta ya kupikia, akautia mti wa kushikia, akaufunga nyuzi zilizochambuliwa katika waya wa breki ya baiskeli mbovu, akapata gitaa. Na kwa gitaa hilo tulijaribu kuzifuata nyimbo za redioni, ambazo nyingi zilitoka kwa jirani zetu Wakamba, ng'ambo ya mto Tana.

Aliyetawala masikio yetu alikuwa Kakai Kilonzo, aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, kiongozi wa Kilimambogo Brothers, bendi iliyotwaa jina la mlima ulio karibu na Thika. Aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili pia, na kwa sababu hiyo mziki wa benga, uliozaliwa kwa Wajaluo kando ya Ziwa Viktoria, ukapata kwake ulimi ambao Mmbeere, Mmeru na Mkikuyu waliweza kuufahamu bila mkalimani. Miaka mingi nilidhani kwamba gitaa la mkebe ni hazina yetu sisi wa nchi kame za Kenya peke yetu, mpaka nilipoisoma kitabuni tarikhi ya Tinariwen, bendi iliyoanzia Tamanrasset, mji ulio katikati ya jangwa la Sahara, kusini mwa Algeria.

Mwasisi wake, Ibrahim Ag Alhabib, alizaliwa karibu mwaka 1960 kandokando ya Tessalit, kaskazini mashariki mwa Mali. Alikuwa mtoto mdogo wakati watu wake, Watuareg, wafugaji wahamao na ngamia, walipoasi dhidi ya serikali changa ya Mali. Na katika maasi hayo, mwaka 1963, baba yake aliuawa, na jamaa waliosalia wakakimbilia Algeria. Siku moja kijana huyo aliona filamu ya wachunga ng'ombe wa Marekani, ambamo mmoja wao alikuwa akipiga gitaa, na moyo wake ukanaswa. Akatwaa mkebe, kijiti na waya wa breki ya baiskeli, akajiundia la kwake. Nilipoyasoma hayo nilikiweka kitabu chini, kwa kuwa niliona mikono ya wenzangu wa malishoni katika mikono ya mtu ambaye hakupata hata kulisikia jina la Gachoka.

Dhiki ya vita ilifuatwa na dhiki ya mbingu. Ukame wa mwanzo wa miaka ya 1970, na tena ule wa mwaka 1984, ambao hata hapa Kenya twaukumbuka kwa njaa yake, uliteketeza mifugo ya Watuareg, na vijana waliozaliwa kuwa wachungaji wakajikuta wakitanga katika miji ya Algeria na Libya kutafuta vibarua. Wakaitwa ishumar, jina lililochotwa katika neno la Kifaransa chômeur, yaani mtu asiye na kazi. Nao badala ya kulionea haya jina hilo walilivaa kama kilemba, hata mtindo wao wa gitaa ukajulikana kwalo.

Huko Tamanrasset, mwaka 1979, Ibrahim na rafiki zake Inteyeden Ag Ableline na Hassan Ag Touhami walianza kupiga pamoja katika harusi na karamu za wakimbizi wenzao. Walikuwa wamezisikia nyimbo za malalamiko za Morocco, raï ya Algeria, na hata roki ya Wazungu. Lakini hayo yote waliyashona juu ya kitambaa cha kwao, yaani mdundo wa tende, ngoma ya wanawake, na ushairi wa lugha ya Kitamasheki. Watu wakawaita Kel Tinariwen, maana yake watu wa majangwa.

Katika miaka ya 1980 waliingia katika kambi za kijeshi za Libya, ambako Gaddafi, mtawala wa nchi hiyo, aliwakusanya vijana wa Kituareg kwa ahadi ambazo hazikutimia, na humo wakajifanyia chumba kidogo cha kunasia sauti. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kiini cha tarikhi yao yote: kila mtu aliyewaletea kanda tupu walimnasia nyimbo zao bure, naye akaenda nazo, akamnakilia jamaa yake, na jamaa akamnakilia rafiki, hata nyimbo hizo zikaenea jangwani kutoka mkono hadi mkono, pasipo duka wala redio.

Maasi yalipozuka tena nchini Mali mwaka 1990, baadhi yao walishika silaha. Na baada ya mapatano ya amani ya mwaka 1991, yaliyotiwa sahihi katika mji uleule wa Tamanrasset, walirudi kwenye gitaa moja kwa moja. Mwaka 2001 walitoa albamu ya The Radio Tisdas Sessions, iliyonaswa katika kituo cha redio cha mji wa Kidal, na ulimwengu ukaanza kuwasikiliza. Na mwaka 2012 albamu yao Tassili ilipata tuzo ya Grammy. Mwaka huohuo makundi yenye silaha yaliyoiteka kaskazini mwa Mali yalipiga mziki marufuku, lakini nyimbo zilizokwisha kukaa katika kanda na vifua vya maelfu ya watu hazikuwa na mlango wa kufungwa.

Basi nirudi nyumbani. Leo hapa Gachoka simu iwezayo kunasa sauti imo mifukoni mwa vijana wengi, nayo ni kanda tupu ambayo mkimbizi wa Tamanrasset angeipokea kwa mikono miwili. Wako wazee, wanaume kwa wanawake, waliopiga gitaa na kuimba katika harusi zetu kabla ya vipaza sauti kufika, ambao vidole na koo zao hazijasahau. Lakini hawakupata kuingia studio za kunasia nyimbo za River Road, Nairobi, na kila msimu wa maziko hutupunguzia mmoja wao. Ardhi yetu haikuwa bubu hata siku moja. Mkebe tulikuwa nao, waya wa breki tulikuwa nao, na nyimbo tulikuwa nazo. Kilichotupungukia ni mtu wa kuja na kanda tupu, akakaa chini, akamwamkia mzee, na kumwomba apige.