Kutoka Maadi hadi Benban: Miaka Mia ya Nguvu za Jua Misri

Mwaka 1913, katika kitongoji cha Maadi kusini mwa Cairo, maji ya Mto Naili yalipandishwa kutoka mtoni hadi mashambani bila mtu kuchoma hata kipande cha makaa ya mawe. Pampu ilisukumwa na injini ya mvuke, na mvuke huo ulitokana na jua. Vioo vitano, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 62 hivi na upana wa mita nne, vilikuwa vimepindwa kama mfereji na kulazwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Mashine iliviinamisha kidogo kidogo vilifuate jua tangu linapochomoza hadi linapotua, na joto lote likakusanyika kwenye boila nyembamba iliyopita katikati ya kila mfereji. Injini ilitoa nguvu za farasi zipatazo 55, na kila dakika pampu ikainua zaidi ya lita 20,000 za maji.

Mwenye kazi hiyo alikuwa Frank Shuman, Mmarekani wa Philadelphia. Alishatajirika kwa uvumbuzi mwingine kabisa, yaani kioo chenye waya ndani ambacho kikipasuka hakimwagi vipande. Kuanzia 1907 alifanyia majaribio injini zake za jua kwenye uwanja wake huko Tacony, zikafanya kazi, lakini hazikupata soko. Marekani ilikuwa na makaa ya mawe tele na ya bei ya chini, na hakuna mwenye kiwanda ambaye angenunua mtambo ghali ili kuokoa fueli ya bei rahisi.

Misri ilikuwa habari nyingine. Makaa ya mawe yalikuja kwa meli kutoka Uingereza, na yakifika bandarini bei yake ilikuwa imeruka mara kadhaa. Pamba ilihitaji maji mwaka mzima, na mawingu yalikuwa haba. Wawekezaji wa London walitoa mtaji, mhandisi A. S. E. Ackermann akasimamia vipimo, na mwanafizikia C. V. Boys ndiye aliyependekeza vioo vipindwe badala ya kutumia masanduku bapa ya kukusanya joto yaliyotumika Tacony. Boila za kwanza zilitengenezwa kwa zinki. Katika majaribio ya 1912 zililegea na kuyeyuka kwa joto, ikabidi ziondolewe na kuwekwa za chuma cha kusubu. Mtambo ambao jua lake lilikuwa kali hata kuyeyusha boila haukuwa na shaka ya fueli tena. Shaka iliyobaki ilikuwa ya pesa, nayo hesabu ya Shuman ilikuwa nzuri: mtambo uligharimu karibu mara mbili ya ule wa makaa wa nguvu hiyo hiyo, lakini kwa bei ya makaa ya Misri tofauti ingerudi kwa takribani miaka miwili.

Kuna kifaa kimoja cha Maadi ambacho wasimuliaji wengi hukiruka. Shuman aliweka tangi kubwa lililofunikwa vizuri lisipoteze joto, akalijaza maji ya moto yaliyopashwa mchana, ili injini iendelee kuzunguka jua likizama. Alijua kwamba mkulima hatajali mashine inayokwenda likizo kila magharibi.

Baada ya hapo ndoto ikapanuka. Lord Kitchener, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza nchini Misri, alimwahidi ekari 30,000 za shamba la pamba nchini Sudan ili ajenge mtambo mkubwa zaidi. Bunge la Ujerumani lilimwita aeleze kazi yake, likatenga fedha kwa ajili ya mtambo katika makoloni yake ya Afrika. Shuman mwenyewe alipiga hesabu kwamba takribani kilomita za mraba 52,000 za Sahara zingetosha kutoa nguvu za farasi milioni 270, sawa na fueli yote iliyochimbwa duniani mwaka 1909. Ikaja Agosti 1914. Wahandisi walirudi makwao kutumikia vita, vyuma vya Maadi vikaishia kuwa chakavu, na Shuman akafariki 1918.

Wapo wanaoisimulia hadithi hii kama njama ya kampuni za mafuta. Ukweli ni mkavu zaidi. Mwaka huo huo wa 1914 serikali ya Uingereza ilinunua hisa nyingi za kampuni ya Anglo-Persian ili jeshi lake la majini lipate mafuta ya uhakika, na vita vilipokwisha mafuta yalikuwa yameenea kila mahali. Pipa la mafuta husafirishwa popote, hukaa ghalani, na huwaka saa nane za usiku. Vioo vya Maadi vilikuwa vimeyashinda makaa ya mawe yaliyovuka bahari. Havikupata nafasi ya kupambana na dizeli, na pengine vingeshindwa.

Chanzo kikubwa kilichofuata Misri hakikuwa jua wala mafuta, kilikuwa mto wenyewe. Ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan ulianza 1960 na kukamilika 1970, likazinduliwa rasmi Januari 1971. Mashine zake 12, kila moja ya megawati 175, zilikuwa na uwezo wa megawati 2,100, na katika miaka ya sabini zilibeba karibu nusu ya umeme wa nchi. Hakuna mtambo wa jua wa enzi hizo uliokaribia hapo hata kidogo. Lakini nyuma ya bwawa lilitanda Ziwa Nasser, takribani kilomita za mraba 5,000 ukihesabu na upande wa Sudan. Vijiji vya Wanubi vilizama. Kwa upande wa Misri pekee watu wapatao 50,000 walihamishiwa tambarare za Kom Ombo, mbali na mitende yao ya mtoni. Mahekalu ya Abu Simbel yalikatwa vipande na kupandishwa juu. Dunia nzima ilichangia kuyaokoa. Nyumba za Wanubi hazikuchangiwa hivyo.

Jua lilirudi kwa mlango wa California. Bei ya mafuta ilipopanda katika miaka ya sabini, kampuni ya Luz ilijenga mitambo tisa katika jangwa la Mojave kati ya 1984 na 1990, jumla ya megawati 354, kwa vioo vya mfereji ambavyo fundi wa Maadi angevitambua mara moja. Bei ya mafuta ikashuka, unafuu wa kodi ukayumba, na mwaka 1991 Luz ikafilisika. Mitambo yenyewe iliendelea kuzalisha. Mwaka 2011 Misri nayo ikafungua mtambo wa Kuraymat, kusini mwa Cairo, wenye megawati 140. Kati ya hizo, 20 tu zilitoka kwenye vioo, na zilizobaki zilitoka kwenye gesi. Miaka 98 baada ya Shuman, jua lilikuwa limepewa kazi ya utingo.

Kilichobadili mambo ni paneli, teknolojia nyingine kabisa. Paneli haichemshi maji, haina mvuke wala injini. Mwanga unaipiga, umeme unatoka. Mwaka 1954, maabara za Bell huko Marekani zilipoonyesha paneli ya kwanza ya silikoni iliyofaa matumizi, iligeuza asilimia sita tu ya mwanga kuwa umeme, na bei yake ilifaa satelaiti kuliko kijiji. Bei hiyo imeporomoka kuliko ya chanzo chochote kingine cha umeme, na Misri inaionyesha vizuri. Septemba 2014, baada ya kiangazi cha giza na migao ya umeme, serikali ilitangaza kununua umemejua wa mitambo mikubwa kwa senti 14.34 za dola kwa kilowati-saa. Wawekezaji wengi walisita, kwa kuwa wakopeshaji wa kimataifa walitaka migogoro ya mikataba iamuliwe nje ya nchi. Katika awamu ya pili bei ilikuwa senti 8.4. Baadaye zabuni ya mtambo wa megawati 200 huko Kom Ombo ilishinda kwa chini ya senti tatu.

Matokeo yake makubwa ni Benban, jangwani kwenye ukingo wa magharibi wa Naili, mwendo mfupi kaskazini mwa Aswan. Mitambo zaidi ya 30 ya kampuni mbalimbali imepangwa bega kwa bega kwenye kilomita za mraba 37, na ilipokamilika mwaka 2019 ilikuwa na uwezo wa megawati 1,465. Safu nyingi hugeuka kulifuata jua, kama vioo vya Maadi. Adui yao mkubwa ni vumbi. Kuosha mamilioni ya paneli kwa maji jangwani ni anasa, hivyo sehemu kubwa husafishwa kwa brashi kavu zinazoburutwa na trekta au roboti. Adui wa pili ni joto lenyewe. Paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, kwa hiyo mchana wa Julai, jua linapokuwa kali kuliko wakati wote, paneli haiko kwenye ubora wake.

Msomaji anayeona megawati 1,465 za Benban karibu na 2,100 za Aswan asidhani hizo mbili ni ndugu wa karibu. Mtambo wa jua wa jangwani, ukijumlisha usiku, asubuhi na jioni, hutoa kwa mwaka kama asilimia 30 ya kile ambacho ungetoa ukifanya kazi kwa nguvu zote bila kupumzika. Kipimo cha kulinganisha ni mtambo wa nyuklia, ambao hufikia asilimia 90. Misri inajenga mmoja huko El Dabaa, pwani ya Mediterania, wenye vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja. Eneo lilichaguliwa miaka ya themanini, mradi ukalazwa baada ya ajali ya Chernobyl, na ujenzi ulianza 2022 chini ya kampuni ya Urusi, Rosatom. Ili kupata kilowati-saa ambazo vinu hivyo vinne vinaweza kutoa kwa mwaka, zingehitajika Benban kama kumi, yaani kilomita za mraba 370 katika nchi yenye kilomita za mraba milioni moja na kwa sehemu kubwa jangwa. Ardhi si kizuizi. Muda nao uko upande wa jua, kwani Benban ilitoka kwenye tangazo hadi kukamilika kwa miaka mitano, na El Dabaa ina zaidi ya miaka 40 tangu ichaguliwe haijawasha taa.

Basi kwa nini Misri iliyo na jua hilo lote ilirudi gizani?

Benban ilipokuwa ikijengwa, nchi ilikuwa pia imeagiza kutoka Siemens mitambo mitatu mikubwa ya gesi, jumla ya megawati 14,400, iliyokamilika 2018. Gesi ilionekana haiishi, kwani kampuni ya Eni ilikuwa imegundua eneo kubwa la gesi la Zohr baharini mwaka 2015. Umeme ukazidi mahitaji, na hamu ya jua ikapoa. Kisha uzalishaji wa Zohr ukaanza kushuka. Kiangazi cha 2023 migao ilirudi, na serikali iliagiza kwamba kuanzia Julai 2024 maduka yafungwe saa nne usiku. Mitambo ya gesi ilikuwepo ila gesi haikutosha. Paneli nazo zilikuwa zimelala, maana mahitaji ya Misri hufikia kilele jioni, viyoyozi vikiwa bado vinanguruma na taa zote zimewashwa.

Hapo ndipo tangi la Shuman linapokumbukwa. Mitambo ya vioo hutunza joto kwa urahisi. Mitambo ya Noor huko Ouarzazate, Morocco, hulihifadhi kwenye chumvi iliyoyeyushwa, na huendelea kuzalisha kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Paneli zilivishinda vioo kwa bei, lakini zilishinda bila tangi. Misri imeanza kulirudisha kwa sura ya betri. Mtambo wa Abydos wa megawati 500 huko Kom Ombo uliwashwa Desemba 2024, na mwaka uliofuata ukaongezewa betri za megawati-saa 300. Ni mwanzo mdogo. Mahitaji ya nchi wakati wa kilele yamepita megawati 38,000, na betri hizo zote zingeyabeba kwa chini ya nusu dakika.

Betri si njia pekee. Bwawa nalo ni ghala: mchana jua likifanya kazi, maji yanaweza kubakizwa nyuma ya ukuta na kufunguliwa usiku. Hili linaihusu Tanzania moja kwa moja. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye megawati 2,115 na mashine tisa ambazo zote zilikuwa zimewashwa kufikia 2025, lilijengwa na kampuni mbili za Misri, Elsewedy Electric na Arab Contractors, ya pili ikiwa miongoni mwa waliojenga Bwawa Kuu la Aswan. Huko Kishapu, Shinyanga, upo mradi wa umemejua wa megawati 150, wa kwanza wa ukubwa huo nchini, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Kwa Rufiji ilivyo, Tanzania inaweza kuongeza jua la mchana kwa miaka mingi kabla ya kulazimika kununua betri kama za Misri, mradi maji yapangwe kwa ajili ya jioni. Miradi yote miwili ni ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na ingefaa litangaze mpango wa kuiendesha pamoja, ili wanaolipia miradi hiyo waujue.