Mkono Usiouma na Mkono Uliokufa Ganzi

Mwaka 1966 daktari Mjerumani Albrecht Wilhelm alieleza namna ya kutuliza maumivu ya kifundo cha mkono kilichochakaa bila kukigusa kiungo chenyewe: alivitafuta vitawi vya neva vinavyotoka kwenye kiungo, akavikata. Kwa mgonjwa ambaye dawa hazikumsaidia, njia iliyozoeleka ilikuwa kuiunganisha mifupa ya kifundo hadi ishikane kabisa. Maumivu hupungua kweli, lakini kifundo hakikunjiki tena, na mtu wa Banalia, katika mkoa wa Tshopo nchini Kongo, anakihitaji kikunjike kila siku: ashike panga shambani, atwange sombe, apige kafi kwenye mto Aruwimi. Njia ya Wilhelm ilikuwa na chale kadhaa. Mwaka 1998 Mmarekani Richard Berger alieleza iliyo nyepesi zaidi, ya chale moja mgongoni mwa mkono, inayokata neva mbili tu, moja ya mbele na moja ya nyuma. Ile ya nyuma, ikifika hapo, imekwisha kuhudumia misuli ya vidole. Kazi iliyobaki ni kupeleka hisia za kiungo. Kwa maoni yangu, historia hii inawahusu hasa wanaoishi kwa mikono yao.

Tshopo, hata hivyo, ina sababu yake ya kuogopa neva iliyokatika. Pale Yakusu, karibu na Kisangani, wamisionari Wabaptisti wa Uingereza walikuwa na hospitali, na Dakta Stanley Browne, aliyefika mwaka 1936, alitibu wenye ukoma kwa miaka mingi katika kituo cha Yalisombo. Mwenye ukoma huinua sufuria ya moto asisikie kitu. Lengelenge hugeuka kidonda, kidonda hula kidole. Paul Brand, huko Vellore nchini India, alionyesha kwamba vidole hivyo huharibika hasa kwa sababu mwenyewe hana maumivu ya kumwonya. Basi mzee anayesema maumivu ni mlinzi hakosei. Lakini ukoma hushambulia mashina, kwa mfano neva inayopita nyuma ya kiwiko, na shina likifa hufa nalo hisia za ngozi na nguvu za vidole. Kitawi cha kiungo ni jambo jingine: aliyekatwa hicho, akigusa sufuria ya moto, ataruka kama zamani.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba upasuaji huu hauponyi. Gegedu huendelea kulika, kuna wagonjwa ambao maumivu huwarudia, na wengine hawapati nafuu yoyote. Ndiyo sababu madaktari wengi huanza kwa kudunga neva hizo dawa ya ganzi na kumwacha mgonjwa akunje na kukamata vitu. Nafuu ya saa chache huashiria, ingawa haithibitishi, kwamba kisu kitasaidia. Na ukishindikana, kuunganisha mifupa bado kunawezekana, ilhali mifupa iliyokwisha kuungana hairudi nyuma. Tena upasuaji huu hautaki vibati wala skrubu, jambo kubwa mahali ambapo kila kifaa husafirishwa kutoka mbali. Sharti ambalo singelilegeza ni uchunguzi, pamoja na picha ya eksirei, kabla ya kisu, kwa kuwa kifua kikuu nacho huingia kwenye kifundo cha mkono, na ugonjwa huo unahitaji vidonge vya miezi kadhaa. Neva zikikatwa kwanza, ugonjwa utaendelea kuila mifupa huku mgonjwa akidhani amepona.