Orlando di Lasso: Mtunzi wa Lugha Nne, na Maneno ya Bornu katika Santuri

Miongoni mwa watunzi wa muziki wa Ulaya katika karne ya 16, zama za mwamko wa elimu na sanaa ziitwazo Renesansi, ni wachache walioandika mengi kuliko Orlando di Lasso. Wafaransa humwita Roland de Lassus, Waitalia humwita Orlando di Lasso, na katika vitabu vya Kilatini jina lake ni Orlandus Lassus. Wingi huu wa majina una maana. Mtu huyu alizaliwa penye Kifaransa, akalelewa penye Kiitalia, akafanya kazi penye Kijerumani, na katika kanisa aliimba kwa Kilatini. Alitunga nyimbo kwa lugha zote hizo nne, na kazi zake zote pamoja zapita 2,000. Kwa sababu hiyo sisi tunaofundisha lugha tuna haki ya kumsikiliza kwa sikio letu wenyewe, mbali na sikio la wanamuziki. Aidha, ndani ya nyimbo zake mna jambo moja linalolihusu bara letu la Afrika, ambalo wasikilizaji wengi wa santuri zake hupita juu yake wakicheka.

MAISHA YAKE

Lasso alizaliwa katika mji wa Mons, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji, mwaka 1530 au 1532. Yasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto sauti yake ilikuwa nzuri mno hata akaibwa mara tatu ili akaimbe kwingine. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12 hivi alichukuliwa na Ferrante Gonzaga, aliyekuwa mtawala wa Sicilia kwa niaba ya mfalme wa Hispania, akaenda naye Italia. Baada ya kukaa Sicilia na Milano alifika Napoli karibu na mwaka 1549, akakaa huko kama miaka miwili. Mwaka 1553, akiwa bado kijana, alikuwa mkuu wa waimbaji katika kanisa la Mtakatifu Yohane wa Laterano mjini Roma.

Mwaka 1555 mpiga chapa Tylman Susato wa Antwerp alitoa kitabu chake kilichochanganya nyimbo za Kiitalia, za Kifaransa na za Kilatini pamoja. Mwaka uliofuata aliitwa München kwenye baraza la Mtemi Albrecht wa Tano wa Bavaria. Alianza kama mwimbaji wa kawaida, na baada ya miaka michache akawa mkuu wa muziki wote. Hakuondoka tena katika kazi hiyo hadi alipofariki tarehe 14 Juni 1594. Mwaka 1604 wanawe wawili, Ferdinand na Rudolph, walitoa kitabu kikubwa chenye moteti zake 516. Moteti ni wimbo mtakatifu wa sauti nyingi, kila sauti ikienda njia yake na zote zikikutana.

KUTOKA KITABUNI HADI KWENYE SANTURI

Baada ya kifo chake Lasso alibaki zaidi katika maktaba. Mwaka 1894 wataalamu wa Ujerumani walianza kuchapisha upya kazi zake zote. Walitoa vitabu 21, wakasimama mwaka 1926 kazi haijaisha. Mwaka 1956 wengine walianza tena pale wenzao walipoachia. Yafaa msomaji akumbuke jambo hili, maana pasipo kitabu kilichohaririwa waimbaji hawana la kuimba, na pasipo waimbaji hapana santuri.

Mwaka 1947 kampuni ya Deutsche Grammophon ilianzisha tawi lake la Archiv kwa ajili ya muziki wa kale, na tangu hapo rekodi za namna hii ziliongezeka. Katika miaka ya 1970 waimbaji wa kiume wa Pro Cantione Antiqua wa London, wakiongozwa na Bruno Turner, walirekodi kazi za Lasso kwa sauti nzito zenye haiba. Katika miaka ya 1980 Hilliard Ensemble, chini ya Paul Hillier, walirekodi Zaburi zake za Toba. The Tallis Scholars wa Peter Phillips nao walitoa rekodi ya misa yake ya sauti nane iitwayo Osculetur me.

Msikilizaji akizilinganisha santuri hizo atashangaa kuona wimbo mmoja ukiwa kama nyimbo mbili. Sababu ni kwamba karatasi ya mtunzi haikusema kila kitu. Je, kila sauti iimbwe na mtu mmoja au na watu wanne? Sehemu za juu ziimbwe na watoto wa kiume, kama ilivyokuwa kanisani zama zile, au na wanawake? Vyombo viwepo au visiwepo? Picha aliyoichora Hans Mielich, mchoraji wa baraza la München, yamwonyesha Lasso ameketi penye kinanda katikati ya wapiga zeze na wapuliza tarumbeta, na waimbaji wa kila umri wamemzunguka. Kwa hiyo anayedai kwamba kuimba bila vyombo ndiko asili peke yake hana ushahidi kamili.

NYIMBO TAKATIFU

Zaburi saba za Toba zilitungwa karibu na mwaka 1560. Mtemi Albrecht alizipenda hata akazifanya mali yake mwenyewe. Aliagiza zinakiliwe katika vitabu vikubwa vya ngozi, Mielich akazipamba kwa picha, na mpaka mwaka 1584, mtemi alipokuwa amekwisha kufa, hazikupigwa chapa. Vitabu hivyo vya ngozi vingali vimehifadhiwa München. Samuel Quickelberg, aliyeandika maelezo ya vitabu hivyo, alimsifu Lasso kwa kuyafuata maneno kwa muziki hata mambo yanayosemwa yakawa kama yako hai mbele ya macho. Kwa sifa hiyo mwalimu wa ushairi atamtambua mwenzake. Lasso alisoma maneno kwanza, akapima uzito wa kila neno, ndipo akatafuta sauti.

Kazi yake ya mwisho ni Machozi ya Mtakatifu Petro, Lagrime di San Pietro, aliyoikamilisha wiki tatu tu kabla ya kufa kwake. Maneno yake ni beti 20 za mshairi Luigi Tansillo, zinazoeleza majuto ya Petro baada ya kumkana Bwana wake. Zimeimbwa kwa sauti saba. Beti zote ni za Kiitalia, lakini mwishoni Lasso aliongeza moteti moja ya Kilatini ambamo Kristo mwenyewe anasema na mwanadamu. Hivyo jumla ni nyimbo 21, yaani saba mara tatu. Hapo kubadili lugha ni kubadili msemaji: mzee anayelia hulia kwa lugha ya watu, na jibu hutoka kwa lugha ya kanisa. Mwaka 1994, ilipotimia miaka 400 tangu kufa kwa mtunzi, ilitolewa rekodi ya Philippe Herreweghe na Ensemble Vocal Européen. Kadhalika miaka hiyo Paul Van Nevel na Huelgas Ensemble walitoa ya kwao. Anayetaka kuanza kumjua Lasso na aanze na kazi hii, akiwa na maneno yake mkononi.

NYIMBO ZA DUNIA

Tusidhani kwamba kwa Lasso kulikuwa na ukuta kati ya kanisa na dunia. Wimbo wake wa Kifaransa Susanne un jour, uliotolewa mwaka 1560, wasimulia habari ya Susana wa Biblia, lakini uliimbwa nyumbani mezani. Baadaye Lasso mwenyewe aliufanyia misa. Kwa upande mwingine Waprotestanti wa Ufaransa na Geneva walizichukua nyimbo zake za mapenzi na za ulevi wakazitia maneno ya ucha Mungu. Muziki ulivuka mipaka ya dini hata pale watu walipouana kwa ajili ya dini.

Mtu huyu mwenye Zaburi za Toba alikuwa pia mchekeshaji. Mwaka 1568, katika arusi ya mwana wa mtemi, Wilhelm, na Renata wa Lorraine, Lasso aliingia jukwaani mwenyewe katika mchezo wa kuchekesha, akaigiza mzee tajiri wa Venezia. Ni kwa mtemi Wilhelm huyo kwamba mwaka 1581 alitoa kitabu cha nyimbo za Napoli, Libro de villanelle, moresche, et altre canzoni, kilichopigwa chapa Paris. Katika utangulizi wake alikiri kwamba nyimbo hizo zingefaa zaidi kutolewa alipokuwa kijana. Humo mna Matona mia cara, ambao askari wa Kijerumani anambembeleza mwanamke kwa Kiitalia kilichovunjika. Kwaya nyingi huuimba mpaka leo. Mwalimu yeyote wa lugha ya pili atayafahamu makosa ya askari huyo: vitenzi visivyonyambuliwa na matamshi ya kwao yaliyopachikwa juu ya maneno ya wenyeji.

MORESKA NA BORNU

Ndani ya kitabu hicho hicho mna nyimbo ziitwazo moreska. Wanaosema ndani yake ni watumwa Waafrika wa Napoli, wenye majina ya kubatizwa kama Giorgia, Lucia na Cathalina. Wanabembelezana, wanagombana, wanaimba usiku chini ya dirisha. Kiitalia chao kimevunjika, na mara kwa mara huingia maneno ambayo si Kiitalia kabisa. Kwa muda mrefu maneno hayo yalichukuliwa kuwa ni upuuzi mtupu uliobuniwa ili kuchekesha.

Katika miongo ya karibuni watafiti wameonyesha kwamba mengi ya maneno hayo ni Kikanuri, lugha ya dola ya Bornu magharibi ya Ziwa Chad, inayosemwa hata sasa katika Nigeria, Niger, Chad na Kameruni. Neno calia, lililomo hata katika jina la moreska iitwayo Allala pia calia, ni neno la Kikanuri lenye maana ya mtumwa. Na neno celum maana yake ni -eusi. Jina la Bornu lenyewe husikika pia. Yaani pale mwimbaji anapotoa sauti kama ya mchezo, anatamka maneno ya mtu anayejieleza hali yake: mtumwa, mweusi.

Maneno hayo yalifikaje Napoli? Njia ya misafara ilitoka Bornu, ikapita Fezzan katikati ya jangwa, ikafika Tripoli pwani. Hispania iliuteka mji wa Tripoli mwaka 1510, ikawakabidhi Mashujaa wa Malta mwaka 1530, nao waliushika hadi Waturuki walipoutwaa mwaka 1551. Sicilia na Napoli zilikuwa chini ya Hispania hiyo hiyo. Basi Lasso alipokuwa kijana Napoli, watu waliosema Kikanuri walikuwamo mitaani. Nyimbo za namna hii zilikuwapo mjini kabla yake. Yeye alizichukua na kuzitengeneza upya kwa sauti zaidi.

Na tulinganishe tarehe. Sarufi ya Kikanuri ya mmisionari Koelle, aliyefundishwa lugha hiyo Freetown na watu waliokuwa wametekwa utumwani, ilitolewa mwaka 1854. Maneno ya kitabu cha Lasso yaliitangulia kwa miaka 273.

SWALI LA WAIMBAJI NA LA WALIMU

Katika miaka ya 1990 Concerto Italiano, chini ya Rinaldo Alessandrini, walirekodi vilanela na moreska za kitabu hiki kwa ustadi na uchangamfu mkubwa, na kwaya nyingine zimeimba moja moja. Waimbaji wengi huziimba kwa vichekesho: hubana pua, hulia kama paka, hufuata kila mlio wa mzaha ulioandikwa. Na kweli mzaha umeandikwa humo. Zilitungwa ili mabwana wacheke, na mtu asijaribu kuzitakasa.

Hata hivyo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kuziimba kama kelele tupu, hata msikilizaji asijue kwamba katikati ya kelele mna lugha ya watu. Ya pili ni kinyume chake, nayo hutujia sisi Waafrika kwa urahisi: kusema kwamba hapa ndipo tunapowasikia watumwa wa Bornu wenyewe. Hatuwasikii wenyewe. Tunasikia walivyosikiwa na watu wa Napoli, kisha walivyoandikwa na mtunzi, kisha wanavyoimbwa na Wazungu wa leo. Maneno ni ya kweli, lakini kinywa ni cha kuazima. Hatuna majina yao ya kwao wala nyimbo walizoimba walipokuwa peke yao.

Kwa hiyo linalodaiwa kwa wanaotoa rekodi ni dogo na lawezekana: wachapishe maneno yote ya moreska pamoja na tafsiri, waseme lipi ni Kikanuri na lipi ni Kiitalia, na waeleze utumwa uliowafikisha wasemaji hao Napoli. Msikilizaji akijua hayo, na acheke akipenda. Atakuwa anajua anamcheka nani.

Kwetu sisi walimu kazi hii yaweza kuingia darasani. Mwanafunzi aulizwe: katika igizo, wimbo au hadithi, ni nani anayepewa Kiswahili kilichovunjika ili watu wacheke? Mtumishi, mgeni, mtu wa bara, Mhindi wa dukani? Maneno ya lugha yake yaliyochanganywa humo yana maana gani kwake? Aandike maneno hayo kwa usahihi, amtafute anayeijua lugha hiyo, amwulize. Maneno ya watu wa Bornu yalingoja zaidi ya miaka 400 kabla ya kuulizwa hivyo. Ya jirani zetu hayana haja ya kungoja, maana wenyewe wapo, na wengine wameketi katika madarasa yetu.